Kokoa za Nesi

Nesi alikuwa haitikii shikamoo yako mpaka ameziangalia kucha zako. Unamwamkia, anakushika mkono, unadhani ni salamu, kumbe anaugeuza anakagua. Zikiwa safi unapata marahaba yako papo hapo. Zikiwa chafu, unasubiri kwanza aeleze safari ya uchafu kutoka kwenye ukucha wako mpaka tumboni kwa mwanao, na akifika kwenye kuhara unakuwa umeshajuta kupita njia ile. Mimi alinifanyia hivyo mbele ya wanafunzi wangu. Nilikuwa mwalimu mwenye miaka kadhaa kazini, na watoto walicheka mpaka nikaanza kucheka na mimi.

Mtaani kwetu, upande wa Mpanda unaotokea Kakese, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa amestaafu zamani, lakini alibaki Nesi mpaka siku tulipomzika, na hata padri ilibidi achungulie karatasi ndipo alitaje jina lake la ubatizo. Nimejaribu mara nyingi kuandika habari zake nikaacha. Kila nikianza na mema yake nafika kwenye baya langu. Leo nitaandika hivyo hivyo.

Alikuwa mgombezaji. Sisemi mkali, maana mkali anaweza kukaa kimya akakutazama. Yeye aligombeza kwa mdomo, kwa maneno mengi, na mikono ikiendelea na kazi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza yeye ndiye aliyekuwa zamu. Nilipiga kelele ambazo naambiwa zilisikika mpaka getini. Akaniambia, "Wewe mwalimu, nyamaza. Anayetakiwa kulia humu ndani ni mmoja tu, na bado hajafika." Nilimchukia kwa moyo wote. Baadaye mkunga mwenzake akaniambia kwamba zamu ya Nesi ilikuwa imeisha tangu mchana, aligoma kuondoka kwa sababu hakupenda jinsi mtoto alivyokaa. Nilipokwenda kumshukuru alinigombeza kwa kumbeba mtoto bila kofia.

Kuhusu usafi hakuwa na utani hata kidogo. Wanawake wote wa mtaa wetu tulifundishwa naye, kliniki na barabarani. Tulichemsha maji kwa sababu yake. Tulifagia uwanja asubuhi kabla ya chai kwa sababu yake, maana alikuwa na tabia ya kupita akisema kwa sauti, "Humu wamekufa au wamelala?" Sasa shangaa: nyuma ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na jalala. Majani makavu yamelala moja juu ya jingine mpaka mguu unazama. Magogo ya migomba yaliyokatwakatwa yameachwa yaoze, yanatoa maji meusi, na juu yake usubi unazunguka, vile vidudu vidogo ambavyo hata kuvipiga huwezi. Mama Zawadi, jirani yetu anayeuza migebuka sokoni, alikuwa akisema, "Mganga hajigangi, jamani. Tuna samaki sisi, lakini kwetu hakunuki hivyo."

Katikati ya jalala hilo ndipo zilipokuwa kokoa zake.

Ujanani alifanya kazi Kyela, na huko ndiko alikozijua. Hakuwa na habari na chokoleti. Niliwahi kumpelekea kikombe cha kakao ya kopo, akanywa funda moja akakirudisha: "Hii ni sukari iliyoungua." Alichokikumbuka ni ule utelezi mweupe unaozunguka mbegu ndani ya tunda bichi. Watoto wa Kyela waliufyonza wakitoka shule, na yeye msichana mgeni kazini, ana hamu ya nyumbani, alikaa nao kibarazani akafyonza pia. Alisema hajawahi kuonja kitu kitamu kama hicho na wala hakujitahidi kunieleza kilifananaje.

Tunda la kwanza aliletewa na dereva wa basi. Hapo Nesi alifanya kosa ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya. Mbegu ya mahindi sisi tunaitundika juu ya moto jikoni, moshi uikaushe na kufukuza wadudu, na ikifika msimu tunaishusha. Akatoa mbegu za kokoa, akaziosha vizuri, akazitundika jikoni kwa wiki tatu. Alipozipanda hazikuota hata moja. Kumbe mbegu ya kokoa ikikauka imekufa, inatakiwa iende ardhini ikiwa bado ina ute. Alijigombeza kwa sauti siku nzima, tukimsikia mpaka barabarani. Tunda la pili lilipofika hakuvua hata viatu vya kanisani. Zikaota saba.

Bwana shamba wa kata alipopita na kuziona alitikisa kichwa.

"Mama, kakao haiwezi kuota hapa. Hili ni zao la Kyela, linataka mvua. Kiangazi cha huku kitaziua zote."

"Kokoa," alisema Nesi.

"Kakao, mama. Kitabuni ni kakao."

"Wanaoilima wanaiita kokoa. Wewe uliyeisoma ita unavyotaka. Na hizo kucha, mwanangu, hivi huwa unakula na mikono hiyo?"

Lakini alimsikiliza, ingawa hakumwonyesha. Alipanda migomba pande zote ili izipe kivuli. Kiangazi kilipokuja, vumbi jekundu likatanda, upepo wa mwezi wa nane ukaanza kupasua midomo yetu, alichukua chupa tupu za dripu alizozihifadhi tangu enzi za kazi, akazitundika kwenye vijiti, kila mche chupa yake, na ule mpira wake mwembamba ukidondosha maji tone kwa tone kwenye shina. Watu walipita kuangalia. Wakasema miti ya Nesi imelazwa. Naye akaipa namba kama wodini: Kitanda cha Kwanza, Kitanda cha Pili, mpaka cha Saba. Asubuhi ukimuuliza habari za nyumbani anakwambia, "Cha Nne ana homa."

Cha Nne alikufa, mchwa walimaliza mizizi. Cha Pili aliliwa na mbuzi wa mtu ambaye Nesi hakumsemesha tena mpaka kufa. Wengine wawili waliunguzwa na upepo mwaka mmoja. Wakabaki watatu, wa Kwanza, wa Tatu na wa Sita, na hao wakakua. Mwaka wa nne walinipita urefu. Majani yao machanga hutoka mekundu na malegevu, yananing'inia, na mara ya kwanza kuyaona nilidhani yamenyauka. Nikamwambia pole. Akanigombeza kwa kumwambia pole mtu asiyefiwa.

Kuhusu macho yake nitasema kwa kifupi, kama alivyosema yeye. Ilikuwa presha ya macho. Iligundulika ikiwa imechelewa, na yeye nesi, jambo ambalo alilionea aibu kuliko maumivu. Alikuwa anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likizidi kuwa jembamba. Aliweza kusoma misale, kitabu chake cha misa, lakini akagonga mlango wa kanisa. Alimimina chai pembeni ya kikombe, na ukinyoosha mkono kumsaidia aliupiga.

Siku moja tulikuwa nyuma ya nyumba, nimeenda kuazima beseni. Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, anamtazama Kitanda cha Tatu kutoka chini mpaka juu, kipande kwa kipande, maana kwa mara moja hakuweza tena.

"Mwalimu," akasema, "daktari amenipa mwaka, labda na nusu. Mimi sitaki makubwa. Nataka nione tunda moja kwenye hii miti, kwa macho yangu haya. Moja tu, likiwa limeiva la njano. Baada ya hapo yazimike."

Nikasema Mungu ni mwema. Akaniambia beseni lipo mlangoni.

Tangu siku hiyo kila aliyemjua alijua kuwa anashindana na wakati. Mama Zawadi aliacha utani wa jalala. Bwana shamba alipita mara mbili bila kuitwa. Hata watoto wangu, wakirudi kutoka shule, walichungulia juu ya ukuta kutafuta tunda kwenye ncha za matawi, kule ambako embe hukaa, na chungwa hukaa, na kila tunda tulilowahi kulijua.

Mwezi wa kumi, joto limekaza na mvua bado, alipata nafasi kwa daktari wa macho wa Mbeya. Angekaa wiki mbili au tatu. Mpwa wake, binti aliyekuwa akiishi naye, alimsindikiza. Asubuhi ya safari niliwakuta bajaji imeshafika. Nesi alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na alionekana mdogo. Alinishika mkono na kwa mara ya kwanza hakuugeuza.

"Mwalimu, mwagilia tu. Chini ya miti acha kama kulivyo."

"Usiwe na wasiwasi, Nesi. Tutakufagilia."

"Acha tu," akasema. "Acha tu, mwalimu."

Akasema taratibu, kwa upole, kisha akapanda.

Msomaji wa kwetu anajua "acha tu" ni nini. Ukiwa mgeni, ukasimama kuosha vyombo, mwenye nyumba atasema acha tu. Ukiacha kweli, utasemwa mpaka vijiji vya mbali, mpaka Mamba huko. Acha tu ya mtu mzima maana yake ni: naona haya kukuomba. Ndivyo tulivyolelewa. Sikuwahi kukutana na mtu aliyesema acha tu akimaanisha acha.

Na zaidi ya hapo nilimpenda. Naomba hilo lisisahaulike.

Shuleni tulikuwa tumetoka kupokea ugeni, na shule ikipokea ugeni unajua inavyokuwa, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, na miti yote inapakwa chokaa mpaka usawa wa kifua. Kulikuwa na ndoo mbili zimebaki. Jumamosi nikawakusanya wanawake watano. Nikawaambia, huyu mama ametufundisha usafi maisha yake yote, na sasa haoni, ndiyo maana kwake pameoza. Atakaporudi akute pameng'aa. Wote walikubali kabla sijamaliza.

Tulifanya kazi kwa furaha siku ile, na furaha yenyewe ndiyo inayoniuma. Tuliimba. Tuliyazoa magogo ya migomba tukayatupa mbali. Majani tuliyakusanya tukayachoma, moshi ukaenda mpaka barabarani. Tulifagia mpaka ukaonekana udongo wenyewe, na mistari ya mafagio juu yake, safi kama uwanja wa harusi. Kisha tukaifikia miti. Kwenye mashina, kuanzia chini mpaka kifuani, kulikuwa na vinundu vinundu, na kwenye vinundu vimeota vitu vidogo vyeupe vyenye wekundu kidogo, vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti vikiwa bado vimefumba, na vichache vimefumbuka.

"Yesu," alisema Mama Zawadi, "miti ina upele."

Nikaleta brashi ya waya. Niliileta mimi, kutoka nyumbani kwangu. Tukawasugua wote watatu kwa maji ya sabuni mpaka mashina yakawa laini, tukangoja yakauke, tukapaka chokaa. Mimi nafundisha sehemu za ua. Nachora ubaoni petali na stameni kila mwaka, na watoto wananakili. Vile vidude nilivishika kwa mkono wangu, vikabaki vidoleni, nikavifuta kwenye kanga.

Nesi alirudi Jumatano. Daktari hakuweza kurudisha kilichopotea, alimpa dawa ya kuchelewesha. Tulikuwa tumejipanga uani kama kwaya. Akashuka kwenye bajaji akasimama, pua yake ikafanya kazi kabla ya macho. Hakutuamkia. Alipita nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukutani, sisi tukimfuata tukifinyana. Akamkuta Kitanda cha Kwanza. Akapitisha viganja kwenye shina kutoka kifuani mpaka chini, halafu akapanda navyo tena polepole. Akaenda kwa wa Tatu. Akaenda kwa wa Sita. Alipogeuka viganja vyake vilikuwa vyeupe.

"Nani amefanya?"

"Sisi wote, Nesi," tukasema kwa pamoja.

Alitutazama mmoja mmoja, kwa lile bomba lake. Ilichukua muda.

"Pamekuwa pasafi," akasema. "Asanteni sana."

Akaomba maji ya kunawa, akaingia ndani. Tulipotoka Mama Zawadi alisema, "Leo nyie tumemuweza Nesi, kakosa la kusema." Tulicheka mpaka barabarani.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zinaelekea mwisho, bwana shamba alikuja shuleni kutusaidia bustani. Wakati wa chai nikamuuliza kwa nini kokoa za mtaani kwetu hazizai, pamoja na kutunzwa vile. Akanijibu akiwa na kiazi mdomoni.

"Kakao haizai kwenye ncha, mwalimu. Inazaa kwenye shina. Ua linatoka palepale kwenye gome, kwenye jicho lake, na jicho ni lilelile kila msimu. Kwa hiyo shina haliguswi. Ukilikwangua jicho umelitoboa, halitoi tena."

"Na majani chini?"

"Yaachwe yaoze, na migomba pia. Usubi unazaliana humo, na usubi ndio unaochavusha, nyuki haingii kwenye kaua kadogo vile. Yule mama nilimfundisha yote hayo. Kwani hakuwaambia?"

Sikumalizia chai.

Nilimtafuta mpwa wa Nesi sokoni. Hakunilaumu, alinieleza tu, macho yakiwa kwenye nyanya zake. Nesi aliyajua yale maua. Alikuwa ameyapapasa wiki moja kabla ya safari, akayahesabu kwa vidole, akalia. Akamwambia mpwa wake asimwambie mtu. "Mimba haitangazwi ikiwa changa," alisema. Alizalisha nusu ya mji huu, na alikuwa ameona mno midomo ya watu inavyoweza kuharibu.

Nilitakiwa kwenda jioni ileile. Sikwenda. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini, nikawa napita nyuma ya mashine ya kusaga, na nikawaambia watu ni kwa ajili ya kivuli. Niliambiwa haoni tena kabisa. Nikasema maskini, nikaendelea kupita kwenye mashine. Hayo ni mambo ya aibu lakini ndivyo nilivyo.

Nilikwenda mwezi wa sita, asubuhi ya siku ya kazi, nimeomba ruhusa. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imeosha chokaa, zimebaki alama tu kwenye mikunjo ya gome. Majani yalikuwa yameanza kurundikana tena chini.

"Mwalimu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Unavuta mguu wa kulia. Siku nyingi hujapita."

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, huyu binti mrefu wa maneno tu, kimo hana. Panda kwenye hiyo ndoo uniangalizie wa Tatu, juu kwenye panda. Mwezi wa tatu nilipanda mwenyewe nikagusa kitu kama ua. Sasa siwezi kupanda."

Nikapanda. Palikuwa na panda ya matawi, juu ya pale chokaa ilipoishia, juu ya pale brashi yangu ilipoishia. Kilikuwepo kitu. Kitunda kimoja, urefu wa kidole changu cha mwisho, chenye mifereji yake imekamilika kama cha kuchongwa. Kilikuwa cheusi, kimekauka kikiwa kichanga.

"Kuna nini?"

Ningeweza kusema hakuna kitu. Nimefikiria sana tangu hapo kama ingekuwa heri.

"Kipo kimoja, Nesi. Kidogo. Kimekauka."

"Kilifunga?"

"Kilifunga."

"Kilete."

Nikakikwanyua, kikatoka bila nguvu. Nikamwekea kiganjani. Alikizungusha kwa vidole, akapitisha ukucha kwenye kila mfereji, akakinusa, akakiweka sikioni akakitikisa. Hakikuwa na uzito wowote. Uso wake haukubadilika. Nilishuka kwenye ndoo nikapiga magoti mbele yake kwenye majani, na maneno yakatoka yote kwa pamoja, brashi, sabuni, chokaa ya shule, kwamba ni mimi niliyewakusanya, wengine hawana kosa.

"Najua," akasema.

"Ulisema acha tu. Nikadhani unaona haya kutuomba."

"Nilisema vibaya. Siku ile nilikuwa naogopa ile safari, nikakwambia kwa upole." Akakizungusha tena kile kitunda. "Ningekugombeza ungeacha."

Hapo nikalia. Nikamwambia, "Basi nigombeze sasa, Nesi. Nigombeze." Nilikuwa mama wa watoto watatu, mwalimu mkuu msaidizi, na nilimshika magoti kama mtoto anayetaka kubebwa.

Alinyoosha mkono usio na kitunda, akatafuta kichwa changu, akakipata. Akanipapasa mara mbili, taratibu.

"Watoto wanatoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi nenda, mama. Usichelewe."

Nikainuka. Nikapangusa majani kwenye gauni, nikaaga, akaitikia vizuri. Nilipofika barabarani nilisimama pale ambapo sauti yake ilikuwa ikimfikia kila mpita njia, nikangoja aniite anirudishe, aseme chochote kibaya. Nilisimama muda mrefu. Hakuniita.